Mwaka wa maandalizi kwa wanafunzi wa jamii za wachache: kabla hujaupeleka seneti

SWALI: “Mimi ni mkuu wa idara ya kompyuta na takwimu katika chuo kikuu cha umma. Mwaka wa kwanza tunadahili wanafunzi wapatao 180, na 30 hivi kati yao wanatoka jamii za wachache. Kwa wengi wao lugha ya kufundishia ni ya pili au ya tatu. Mwaka jana 13 kati ya hao 30 walifeli hisabati ya muhula wa kwanza, na 6 wakaacha chuo kabla ya kufika mwaka wa pili. Wenzangu wanapendekeza tuwaanzishie mwaka wa maandalizi wenye kozi tatu za hisabati, wakifaulu zote ndipo waingie kwenye shahada. Wengine wanasema tukiendelea kuwabeba tutashusha viwango, na katika uchumi huu wa maarifa waajiri watatukimbia. Nina miezi miwili ya kupeleka pendekezo seneti ya chuo. Naomba ushauri.”

JIBU: Ndugu mkuu wa idara, swali lako lina hofu mbili ndani yake. Moja ni ya hao 13 waliofeli, nyingine ni ya jina la idara mbele ya waajiri, na wenzako wamezifunga pamoja kana kwamba dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Sioni hivyo. Ushauri wangu ni huu: mwaka wa maandalizi uache. Peleka pendekezo la kurekebisha kozi iliyowafelisha, pamoja na saa za ziada zinazokwenda sambamba nayo muhula huohuo.

Nianze na huo uchumi wa maarifa, yaani uchumi unaoendeshwa na ujuzi, maana ndilo neno linalotumika kufunga mjadala vikaoni. Mchumi Fritz Machlup alipochapisha hesabu zake za uzalishaji wa maarifa nchini Marekani mwaka 1962, aliyahesabu maarifa kama bidhaa inayozalishwa na kusambazwa. Mwaka 1990 mchumi Paul Romer alieleza kwa nini bidhaa hiyo ina tabia ya peke yake, na kazi hiyo ilichangia kumpa Nobeli ya uchumi mwaka 2018. Gunia la mbolea likitumika shambani kwako haliwezi kutumika kwangu, lakini kanuni ya hesabu au programu ikishabuniwa, watu elfu wataitumia kwa wakati mmoja na isipungue. Kwa hiyo mwanafunzi wako anayetoka jamii ndogo akijua takwimu barabara, hajamnyang’anya mwenzake chochote. Ameongeza idadi ya watu wanaoweza kuyatumia na kuyazalisha maarifa hayo, na mwajiri wa fani yenu ana watu wengi zaidi wa kuchagua.

Kinachogombaniwa ni nafasi: kiti kwenye fani yenye soko, meza ya msaidizi wa utafiti, mafunzo kazini, barua ya profesa. Wenzako wanachanganya vitu hivi viwili. Maarifa hayagombaniwi, ila njia za kuyafikia zinagombaniwa sana, na haki hupotelea kwenye njia hizo baada ya udahili kwisha na kila mtu kushangilia takwimu za walioingia.

Sasa twende kwenye kozi yenyewe. Omba ofisi ya takwimu ya chuo ikupe matokeo ya miaka mitatu au minne. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu kundi la watu 30 ni dogo mno: matokeo ya wanafunzi 3 tu yakibadilika, asilimia inaruka kwa 10. Hesabu waliopata D, waliofeli na waliojiondoa katikati ya muhula. Hao wa mwisho husahaulika, na kozi inaweza kuonekana nzuri kwenye karatasi kwa sababu tu waliokuwa wanazama walishatoka kabla ya mtihani.

Kisha fanya ulinganisho ambao idara nyingi huuruka. Wapange wanafunzi wote, wa makundi yote, kwa alama walizoingia nazo, tuseme mafungu manne. Ndani ya kila fungu, walinganishe wa jamii za wachache na wenzao. Ikiwa walioingia na alama sawa wanafaulu sawa, basi pengo limetoka nyuma, kwenye shule walizosoma. Ikiwa pengo linabaki hata kwa walioingia na alama zilezile, kuna kitu ndani ya kozi yenu kinachochangia, na hakuna mwaka wa maandalizi utakaokigusa. Mara nyingi utakuta yote mawili kwa viwango tofauti, na ni vizuri kujua kipi ni kikubwa kabla ya kutumia fedha. Ukiweza, angalia pia mkondo kwa mkondo: mhadhiri mmoja akifelisha asilimia 20 na mwenzake 45 kwa mtihani uleule, mazungumzo yanahitajika. Yafanye ofisini, mlango umefungwa.

Kuhusu mwaka wa maandalizi, tatizo lake halitokani na nia. Linatokana na hesabu. Chukua wanafunzi 100 na uwape makadirio ya ukarimu: kila kozi wanafaulu asilimia 70, na kila wanapofaulu, asilimia 85 wanajisajili kwa inayofuata, maana kuna wanaoishiwa ada, wanaopata kibarua, wanaouguliwa nyumbani. Kozi ya kwanza wanafaulu 70. Wanaojisajili ya pili ni 60 hivi, wanafaulu 42. Wanaojisajili ya tatu ni 35, wanafaulu 25. Robo tu ndio waliofika mlangoni mwa shahada, na hakuna kozi hata moja iliyofelisha wengi. Wale 75 hawakuondolewa na ugumu wa hisabati peke yake. Kila mpaka kati ya kozi moja na nyingine ni mahali pa kutokea, na ninyi mngekuwa mmeongeza mipaka mitatu kwa watu wenye akiba ndogo kuliko wote. Juu ya hapo wamelipa ada ya mwaka mzima, au wamekula mwaka mzima wa mkopo, bila kupata krediti hata moja inayohesabika kwenye shahada.

Njia ya sambamba imejaribiwa kwa majaribio ya bahati nasibu. Katika vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, wanafunzi 907 waliopimwa wakaonekana hawako tayari kwa hisabati ya chuo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja likapelekwa kwenye aljebra ya maandalizi kama kawaida, na la pili kwenye aljebra hiyohiyo pamoja na warsha. La tatu likaingizwa moja kwa moja kwenye takwimu ya chuo, likaongezewa warsha ya saa mbili kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016: waliofaulu aljebra ya kawaida walikuwa asilimia 39, na waliofaulu takwimu asilimia 56. Yaani kozi iliyodhaniwa kuwazidi ndiyo iliyowapitisha wengi zaidi.

Saa hizo za ziada zinaharibika kwa namna tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuzifanya hiari: wanaozihitaji hawaji, wanaokuja ni wale ambao wangefaulu hata hivyo. Ziingize kwenye ratiba rasmi, na mahudhurio yahesabiwe. Ya pili ni kuzipanga Ijumaa jioni, wakati wenye vibarua na wanaokaa mbali hawapo. Ya tatu, inayoua kimyakimya, ni kuzitumia kurudia mhadhara uliopita. Warsha nzuri hutangulia: wiki ya 4 darasani mnafika kwenye uwezekano wa masharti (uwezekano wa jambo ukijua jingine limetokea), basi warsha ya wiki ya 3 inakumbusha sehemu na uwiano ambavyo bila hivyo mada hiyo haieleweki. Makundi yasizidi watu 20, na anayeyaongoza awe amehudhuria mihadhara yenyewe. Wanafunzi wa warsha wachague kwa jaribio fupi la wiki ya kwanza linalofanywa na wote 180, wala usiwachague kwa kabila au asili. Utawapata wengi unaowalenga, utawapata na wengine wenye shida ileile, na hakuna atakayeingia chumba hicho akiwa amebandikwa alama usoni.

Mwanahisabati Uri Treisman alilichunguza jambo hili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia miaka ya 1970. Wanafunzi weusi walikuwa wakifeli kalkulasi, na maelezo ya wakubwa yalikuwa yaleyale utakayoyasikia seneti: motisha ndogo, familia zisizojali elimu, msingi mbovu. Alipowafuatilia namna wanavyosoma hakukuta hivyo. Walisoma kwa bidii, lakini peke yao, wakitenganisha kabisa masomo na urafiki. Wenzao wa asili ya Kichina waliketi pamoja, wakasahihishana na kugundua mapema nani amepotea wapi. Warsha alizoanzisha baada ya hapo zilikuwa za mazoezi magumu kuliko ya darasani, na ziliitwa za heshima, hazikuitwa za kuwasaidia wanyonge. Matokeo yao yakapanda. Hilo ni jibu zuri kwa mwenzako wa “kushusha viwango”: waliopandishiwa ugumu, wakapewa watu wa kufikiri nao, walifanya vizuri zaidi.

Mhadhara wenyewe nao uguswe. Uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kiwango cha kufeli cha asilimia 33.8 kwenye mihadhara ya kawaida na 21.8 pale wanafunzi wanapofanya kazi darasani. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 uliangalia makundi yenye uwakilishi mdogo: pengo la alama za mitihani lilipungua kwa asilimia 33 na la kufaulu kwa asilimia 45. Ila kulikuwa na sharti. Faida hiyo ilionekana pale sehemu kubwa ya kipindi ilipotumika hivyo. Swali moja la kuchangamsha katikati ya saa nzima ya kunukuu halifanyi kitu.

Kwa kipindi cha dakika 50, mpango unaofaa ni kueleza dakika 10, kisha swali lenye majibu yanayokaribiana, dakika 1 kila mtu aandike lake kimya, dakika 3 wajadiliane watatu watatu, halafu mhadhiri aite majina kwa orodha iliyochanganywa. Asisubiri mikono, maana mikono ni ileile kila siku. Mzunguko huo ufanyike mara tatu. Ile dakika ya kimya isifutwe hata muda ukibana: ndiyo inayompa nafasi anayetafsiri kichwani. Msiwaache wajichagulie makundi pia. Wataketi kwa makabila na shule walizotoka. Na kama kundi lina mtu mmoja tu wa jamii ndogo, huyo huishia kuwa mwandishi wa wengine. Waweke wawili pamoja inapowezekana, angalau muhula wa kwanza.

Kwenye lugha nina neno moja tu la mtihani. Chukueni mtihani wa mwaka jana mhesabu maneno ya kila swali. Swali la uwezekano lenye maneno 120 kuhusu kampuni ya bima linapima kasi ya kusoma kabla halijapima uwezekano. Likifupishwa hadi maneno 45, hisabati inabaki ileile. Pangeni pia urefu wa mtihani kiasi kwamba aliyejiandaa vizuri anamaliza kwa theluthi mbili za muda, na muda huo uwe wa wote.

Hao 6 walioacha wasichanganywe na waliofeli hadi ujue walikuwa na alama gani. Mara nyingi sehemu yao walikuwa wanafaulu. Chuo cha Georgia State, Atlanta, kilipochunguza walioondolewa kwenye usajili kilikuta wengi wanadaiwa kiasi kidogo tu, kikaanzisha ruzuku za kufuta deni hilo moja kwa moja kabla mtu hajaenda nyumbani. Mwombe mhasibu orodha ya wanaodaiwa chini ya kiwango fulani siku kumi kabla usajili kufungwa, kisha piga simu. Barua pepe ya onyo huongeza aibu tu, na mwenye aibu haji ofisini.

Ukitaka mfano wa kila kitu kwa pamoja, mpango uitwao ASAP wa chuo hichohicho cha New York ulianza mwaka 2007: mshauri mwenye wanafunzi wachache, ada iliyobaki kulipwa, vitabu, nauli ya usafiri wa jiji, na sharti la kusoma muda wote. Kwenye jaribio lililogawa wanafunzi kwa bahati nasibu, waliohitimu ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 40 dhidi ya 22 ya wenzao. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda kwa takribani asilimia 60, na mtu wa fedha atalishikilia hilo. Mjibu kwa nusu ya pili ya hesabu: gharama kwa kila mhitimu ilishuka, kwa sababu waliohitimu waliongezeka kuliko fedha zilivyoongezeka.

Kuna kizingiti kingine ambacho hukukitaja na huenda mnacho: wastani wa alama wa kumruhusu mwanafunzi abaki au ahamie kwenye fani inayolipa. Katika kampasi ya Santa Cruz ya Chuo Kikuu cha California, kuingia uchumi kulihitaji wastani wa 2.8 kati ya 4 kwenye kozi mbili za awali. Watafiti walilinganisha waliokuwa juu kidogo ya mstari huo na waliokuwa chini kidogo, watu wanaofanana karibu kwa kila kitu. Waliosomea uchumi kwa sababu tu walivuka mstari walipata mshahara mkubwa zaidi kwa asilimia 46 hivi mwanzoni mwa kazi. Fikiria basi uzito wa kozi yenu ya muhula wa kwanza. Alama anazopata mtu akiwa bado anatafuta chumba cha kulala na kujifunza kusikiliza mhadhara zinaamua kipato cha miaka mingi. Kama mna mstari wa namna hiyo, ruhusuni alama ya marudio kufuta ya kwanza, au hesabuni kozi tatu bora kati ya nne.

Halafu kuna maarifa yasiyoandikwa popote. Mwanafalsafa Michael Polanyi alilieleza suala hilo katikati ya karne iliyopita: mtu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema, na hayo hupatikana kwa kukaa na anayejua. Jinsi ya kusafisha data chafu, kumwandikia mtafiti usiyemfahamu, kukadiria kazi itachukua muda gani. Hakuna silabasi ya hayo. Hupatikana kwenye meza ya msaidizi wa utafiti, na meza hizo kwa kawaida hupewa yule aliyebaki nyuma ya darasa kupiga soga na mhadhiri. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi hupitia zaidi kwa watu tunaofahamiana nao juujuu kuliko kwa marafiki wa karibu. Mwanafunzi ambaye ndugu na jirani zake hawako kwenye fani hana watu hao wa juujuu, hata awe na alama gani. Tangazeni kila nafasi ya usaidizi hadharani, wiki mbili kabla, na vigezo vilivyoandikwa. Na ilipwe. Nafasi ya kujitolea ni nafasi ya aliye na wa kumlisha.

Nikupe na upande mgumu. Wapo watafiti wanaodai kwamba mwanafunzi aliyeingia na alama za chini sana kuliko wenzake huumia kwenye fani za sayansi, na hoja hiyo haifai kudharauliwa kwa mwenye pengo kubwa la maandalizi. Saa mbili kwa wiki hazitafidia miaka sita ya shule bila mwalimu wa hisabati. Kwa hao wachache, kozi fupi ya wiki 4 hadi 6 kabla ya muhula, isiyolipiwa na inayohesabika, inafaa. Lakini tafiti zilizofuatilia California baada ya wapiga kura kuzuia upendeleo kwa asili ya mtu kwenye udahili mwaka 1996 zilikuta waliosukumwa kwenye vyuo vya chini walihitimu kwa uchache na kulipwa pungufu, kinyume na kilichotabiriwa. Mimi nalala upande wa kuwaweka ndani na kurekebisha kozi. Kitu ambacho nisingekitegemea ni warsha ya saa moja ya kujenga kujiamini. Jaribio la mwaka 1995 la wanasaikolojia Steele na Aronson juu ya woga wa kuthibitisha dhana mbaya inayosemwa kuhusu kundi lako lilikuwa muhimu, lakini waliorudia majaribio ya aina hiyo wamekuta athari ndogo zaidi au hawakuikuta.

Mahali ambapo ushauri wa maandishi unaishia: kabla ya kukusanya taarifa za asili au kabila za wanafunzi, kaa na mwanasheria wa chuo ana kwa ana. Nchi hazifanani. Sheria ya Brazili ya mwaka 2012 inatenga nusu ya nafasi za vyuo vya shirikisho kwa waliosoma shule za umma. India hutenga viwango maalumu kikatiba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia asili kutumika kwenye udahili tarehe 29 Juni 2023. Kinachoagizwa kwingine kinaweza kukushtakisha kwako. Ulinganisho wa alama nao ufanye na mtakwimu asiye wa idara yako, ili matokeo yasiitwe ya kwako. Na mwanafunzi anayeacha kulala, kula au kuonekana darasani kwa wiki mbili hahitaji warsha ya hisabati: mpeleke wewe mwenyewe kwa mshauri nasaha siku hiyohiyo. Akikuambia kuna mhadhiri anayemtukana kwa asili yake, hilo ni la ofisi ya malalamiko na kwa maandishi, usijaribu kulisuluhisha kirafiki.

Kwa miezi yako miwili: wiki tatu za kwanza ziende kwenye takwimu, mbili kwenye mazungumzo na wahadhiri wa kozi hiyo na wanafunzi wanane au kumi, wakiwemo waliofeli. Zinazobaki andika pendekezo la kurasa tano. Omba majaribio ya mihula miwili kwenye mkondo mmoja, mkondo mwingine ubaki kama ulivyo, mtihani uwe mmoja na usahihishwe bila majina. Kipengele cha mwisho hicho usikubali kikatwe, kwa kuwa ndicho kitakachomjibu mwenye hofu ya viwango.